Kipimo cha Mguu

Ngendo, aliyetoka Ruiru na mtoto mgongoni, alizunguka soko la Thika, akawapita wafua mabati na mafundi wa cherehani, mpaka akampata fundi wa akala, viatu vya mpira wa gurudumu. Ndiye aliyemshonea mumewe jozi kabla askari wa Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, hawajampeleka kizuizini kambini.

"Fundi, nataka nyingine kama zile. Padre anayezuru kambi atampelekea."

"Kipimo ninacho, shemeji," fundi alisema, akipekua karatasi zake za nyayo. "Mguu ule haupotei, mpana kama jembe!"

Ngendo akacheka. Ndipo macho yake yakaangukia rundo la akala zilizoletwa kutiwa kanda mpya. Moja ilikuwa imelika kisigino upande mmoja, na kidole gumba kilikuwa kimechimba kishimo kwenye mpira. Aliingiza kidole chake humo. Alikijua kishimo kile.

Fundi akaitazama akala, akailinganisha na karatasi aliyoshika.

"Zililetwa jana na askari wa kambi," alisema. "Aliniambia mwenye nazo hazihitaji tena."

Mtoto alianza kulia. Ngendo akamtikisa taratibu.

"Wewe kata tu mpira, fundi," alisema. "Kule kuna baridi."