Baba Amefuzu

Kila mwanafunzi wa shahada ya tiba kwa vitendo alitakiwa kumfundisha mgonjwa mmoja upya jinsi ya kuvaa, kula na kuoga. Atuganile alimchagua baba yake, mzee Ambakisye, aliyepooza upande wa kulia baada ya kiharusi. Miaka miwili walifanya mazoezi sebuleni. Siku ya mtihani, mzee alifunga vifungo sita vya shati kwa mkono wa kushoto, jasho likimtiririka, mbele ya wakufunzi watatu. Walimpigia makofi, na Atuganile akaongoza darasa.

Jioni ile baba aliandikishwa kuwa mtu anayejitegemea, na kamera ikafungwa ukutani chumbani kwake. Kisheria, aliyefuzu hasaidiwi tena na mtu yeyote. Akisaidiwa, anahamishiwa kituo cha wasiojiweza, na hatoki huko.

Baridi ya Juni ilipoingia, vidole vya mzee vilikakamaa. Asubuhi moja alikaa kitandani akipambana na kifungo cha kwanza hadi chai ikapoa.

"Nifungie, mwanangu. Hiki kimoja tu."

"Unaweza, baba," Atuganile alisema. Ndivyo alivyofundishwa kuwaambia wagonjwa.

"Jana niliweza. Leo vidole havinisikii."

Atuganile alikaa mkabala naye, mikono ameibana katikati ya mapaja, asithubutu hata kuinyoosha. Mzee alimtazama kwa muda mrefu, kama anayejaribu kumkumbuka.

"Sawa, daktari," akasema, kisha akainama na kuanza upya.