Mkono wa Mama Mkwe

"Mshike mkono wa kushoto, umwambie akubane vidole," daktari alisema kwenye simu.

Wangwe hakusogea. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mama mkwe wake, simu ameinyoosha mbele kana kwamba ndiyo iliyoingia, si yeye. Tangu enzi za korona daktari huyo wa Homa Bay alikuwa akiwaona kwa video wagonjwa wa kiharusi waliokuwa mbali, hata huku Kegonga. Siku zote mkewe ndiye aliyeishika simu, lakini leo alikuwa shuleni Asumbi, kwenye mkutano wa wazazi.

"Daktari, huyu ni mama mkwe. Kwa mila zetu simgusi."

"Naelewa. Lakini lazima nijue kama mkono huo una nguvu yoyote, na mimi siwezi kuushika kutoka huku."

Mama mkwe aligeuza uso kuelekea ukutani. Mkono wenyewe ulilala juu ya blanketi, vidole vimejikunja. Kwa miezi minne ulikuwa ukiinuliwa, ukioshwa na kulazwa na watu wengine.

"Nisamehe, mama," Wangwe alisema. Akaiegemeza simu kwenye kikombe, akapiga magoti, akaushika mkono.

Ulikuwa wa baridi, mwepesi kuliko alivyodhani. Kabla hajatamka neno, ulimponyoka. Ukajiburuta polepole juu ya blanketi, ukaingia chini yake, ukajificha.

Mama mkwe aligeuka, akapatazama pale ulipojificha.

Daktari, aliyeuona ukisogea, aliinamia kamera.

"Bwana Wangwe," akasema, "mshike tena."