Bulangeti la Sabuni

Jirani anasema sabuni ya Léocadie iliharibiwa na jicho la mwenye wivu. "Sabuni haipasukagi bure, dada. Kuna mutu alipita hapo."

Léocadie anaokota kipande kimoja, anaingia ndani. Sabuni ya mawese inataka kufunikwa ipoe polepole. Ikipigwa na ubaridi ghafla, inapasuka. Na nyumbani iko bulangeti moja tu. Jana mvua ilileta ubaridi, mama yake akawa anatetemeka kwa homa. Léocadie aliliondoa juu ya sabuni, akamfunika yeye.

Sasa ameketi kando ya kitanda, kipande cha sabuni mkononi. Anapitisha kidole katika ufa, na ukingo unamegeka kama udongo mukavu.

"Mama, usikasirike. Amuka unionyeshe namna ya kuiyeyusha tena."

Chini ya bulangeti hakuna tena kutetemeka, wala pumzi.