Matunda ya Kirukia Yakiiva

Siku hizi kila nyumba ina mti wake, na mti wa nyumba yetu ni mama yangu. Kirukia, mmea unaonyonya mti unaoubeba, kimeota begani pake, mizizi imemwingia hadi mfupani, na majani yake ndiyo dawa ya kifafa cha binti yangu, Nasriya. Kila asubuhi nachuma, nachemsha, namnywesha. Nasriya ananenepa, mama anakauka.

"Usinitazame hivyo, Raya," mama huniambia. "Mwembe unabeba kirukia na haulalamiki."

"Mwembe hauna jinsi, mama."

"Na mimi ninayo?"

Matunda yakiiva hatumkumbatii mama. Mbegu zake hunata kama ulimbo, na moja ikishagusa ngozi haibanduki. Mtu mzima huishi nayo miaka. Mtoto hakui tena.

Leo Nasriya alivaa sare ya shule kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alizunguka uani, akacheka, kisha akamkimbilia bibi yake kumwonesha. Nilipiga kelele. Mama aliinua mikono kumzuia, lakini mikono ile haina nguvu tena.

"Bibi, mbona unanisukuma?"

Nilimsugua shingo kwa sabuni, kwa mafuta ya nazi, kwa mchanga, mpaka akalia. Jioni aliniita chumbani. Nyuma ya sikio lake palikuwa na majani mawili, membamba kama ulimi wa kinda.

"Mama, sasa dawa ninayo mwenyewe," alisema kwa furaha. "Basi Bibi atapumzika, eti?"

Kitandani pake, mama yangu alijifunika uso kwa kanga.