Paundi Tisa

Kwa maneno ya Laurensia, kosa lote ni la jirani yake Mrundi, fundi wa magari. Anasema alikuwa akipalilia kahawa zake kando ya mlima wa Kibingo alipoisikia pikapu ya Egbert ikipiga mluzi kama birika. Mara ikatema moshi mweupe, ikazimika. Breki nazo zikagoma. Pikapu na magunia yake ikarudi kinyumenyume hadi migombani, ikapinduka, ikamlalia dereva mguu.

"Mbonimpa ndiye aliyeikaza nati ya tabo," Laurensia humwambia kila apitaye, "ili injini ipasuke, gari lirudi gerejini kwake, ale tena. Wageni hawa!"

Anonciata, mdogo wake Mbonimpa, aliyasikia hayo kisimani. Akajitwisha ndoo yake, akaondoka. Ilikuwa siku ya nne hagusi chakula.

Alijua kaka yake hakuikaza. Tangu amalize darasa la saba alishinda naye gerejini, pale Omurushaka, akiosha vyuma kwa dizeli na kumpa spana kabla hajaiomba. Alikuwepo siku ile Ildefonsi, dereva wa Egbert, alipokuja na malalamiko yake.

"Fundi, hii tabo kazi yake si kuisukumia injini upepo? Basi niongezee huo upepo! Mlimani napitwa na akina mama wenye mikungu kichwani. Jana dereva wa lori kaniuliza kama nimeegesha."

Mbonimpa alicheka, lakini alikataa. Akachomeka mpira mwembamba kwenye tabo, akaupitisha dirishani, akaufunga kwenye geji ya kupimia tairi. Wakapanda mlima wote watatu, Anonciata katikati, geji mapajani.

"Inasemaje?" kaka yake aliuliza.

"Tisa. Haipandi, haishuki."

"Umesikia? Huko ilikotengenezwa waliipa paundi tisa. Kumi na moja itavumilia. Ukifika kumi na nne unaipika injini kama maharage. Hiyo nati ya kuongezea upepo haiguswi."

"Fundi, wewe mwoga kuliko mke wangu."

"Huna mke."

"Ndiyo maana nataka gari liende! Bosi kasema nikifikisha safari tatu kwa wiki, gari ananiachia mimi moja kwa moja. Siku hiyo nakuja kwenu na mtungi wa pombe ya rubisi, na wazee wangu nyuma." Alisema hivyo akimtazama Anonciata, na Anonciata akaitazama geji.

Mchana huo Mbonimpa alikwenda kula, akamwacha Anonciata na vyuma vya kuosha. Boneti aliiacha wazi na sanduku la spana halikufungwa. Ildefonsi alikuwa amejilaza kwenye benchi, kofia usoni. Mbonimpa aliporudi alishusha boneti bila kuangalia tena, maana hakuwa na sababu ya kuangalia.

Kesho yake pikapu ilipanda mlima kwa gia namba tatu, Ildefonsi akipiga honi kama bwana harusi. Siku ya tatu injini ikapasuka.

Egbert alileta fundi mwingine kutoka Bukoba. Huyo alikagua, akatikisa kichwa: nati ya tabo imekazwa mizunguko mitatu.

"Jumatatu tunakwenda polisi," Egbert alimwambia Mbonimpa mbele ya watu. "Na huko watakuuliza na makaratasi yako."

Makaratasi hayakuwepo. Mama yao alivuka mpaka mwaka wa sabini na mbili, Anonciata mgongoni, Mbonimpa ameshika upindo wa kanga. Kilichovuka pamoja nao ni sufuria moja.

Jumapili, baada ya misa, Anonciata alikwenda hospitali na bakuli la ndizi na maharage. Mguu wa Ildefonsi ulikuwa umefungwa plasta hadi nyongani. Kwenye kitanda cha pili alilala mzee mmoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndiye wewe Anonciata? Afadhali umekuja, binti yangu. Huyu akipata homa anakuita wewe, mimi silali." Mzee akajikongoja kwenda kuota jua, akiwaachia nafasi.

"Kula kwanza," Anonciata alisema.

"Wewe hujala. Shavu limekwisha. Sema lililokuleta."

Akapiga magoti sakafuni.

"Ildefonsi, waambie uliikaza wewe. Wewe ni mtoto wa Ihembe, baba yako kazikwa Ihembe. Wakikukasirikia utapoteza kazi, basi. Kaka yangu watamrudisha kule, na kule hatuna hata mlango wa kubisha. Waambie uliikaza alipokwenda kula. Watakubali, kila mtu alikusikia ukiomba upepo. Nakusihi. Mama hajui kitu, anashona tu, ananiuliza kwa nini kaka halali."

Ildefonsi alitazama plasta. Daktari alikwishamwambia kwamba mguu huo hautakanyaga pedali tena.

"Nitasema," alijibu. "Kazi yenyewe imeshakwenda. Kesho asubuhi Egbert akija, nitamwambia ni mimi."

Anonciata akainuka, akamsogezea bakuli.

"Ila atakuja na fundi wake wa Bukoba, na yule ataniuliza maswali," Ildefonsi aliendelea. "Nati iko upande gani wa injini. Spana namba ngapi. Mimi najua usukani tu." Akamgeukia. Usoni hakuwa na hasira hata chembe.

"Nifundishe, Anonciata. Wewe uliikazaje?"