Plasta ya Kidole Gumba

Mkamwana alifungua bomba anawe mikono, ndipo alipoona plasta haipo kidoleni.

Asubuhi kikatio chake kipya cha mboga, kibao chenye wembe cha bei ya kutupa, kilikata karoti vipande vyembamba kama karatasi, kisha kikapitia na kidole gumba chake. Akafunga plasta, akaendelea, maana wakwe walikuwa njiani. Sasa wakwe wako mezani, na bakuli la saladi limebaki nusu.

Akachungulia mlangoni. Baba mkwe anatafuna. Mashemeji wanatafuna. Mama mkwe, ambaye kwake chumvi ya mtu mwingine haijawahi kukolea, ameacha kutafuna.

Alipeleka tishu mdomoni, akaikunja mara mbili, taratibu, akainuka na kuja nayo jikoni.

"Mama, nisamehe, mimi..."

"Nyamaza, watakusikia." Akaitupa tishu kwenye pipa la taka. "Kile kiplastiki cha kushikia karoti kinachokuja na kikatio, kumbe na wewe ulikitupa pamoja na boksi?"

Akamnyooshea kidole gumba chake mwenyewe, chenye kovu la zamani. Ncha haikuwepo.