Waya Mapajani

Hidaya alikuwa ameketi kwenye mkeka wa swala, simu sikioni, waya wa mtandao wa kamera mapajani.

"Mama, taa ya kamera imekuwa ya kijani?" aliuliza mwanawe kutoka Doha.

"Bado ni nyekundu."

"Hebu angalia kama hiyo waya imeshika vizuri."

"Imeshika, baba."

Alikuwa ameuchomoa mwenyewe, baada ya magharibi, kama jana. Wiki ile kamera iliposhika mtandao, mwanawe alimwona kila siku akipita sebuleni, na hakupiga simu hata mara moja. Ilipokataa, alipiga kila jioni.

Alimsikia akipiga mwayo mrefu.

"Kwani hujalala?"

"Nitalala nikikuona, Mama. Tangu wezi waingie hapo mtaani Katelembo, nikifunga macho nawaona wao tu."

Hidaya aliona aibu kudanganya juu ya mkeka ule. Kidole chake kilipapasa kichwa cha plastiki mwishoni mwa waya. Alisema bismillahi kimoyomoyo, akauchomeka. Taa ikageuka kijani.

"Alhamdulillahi. Sasa nakuona. Haya Mama, lala salama."

Simu ikakatika.

Hidaya aliinua uso akaitazama kamera, simu ikiwa bado sikioni.